Stoo ya baruti ya kontena la futi 20: kufuli safi, paa bovu

Kwa upande wa wizi, stoo hizi za kontena wanazouziwa wachimbaji wa kati hazina ubishi: mlango mnene, kufuli limefichwa ndani ya kasha la chuma, bawaba hazikatiki kwa nje. Tatizo ni paa. Bati moja la rangi ya kijani likipigwa na jua la Chunya au Shinyanga, hewa ya ndani inaweza kuvuka nyuzi 50.

Joto hilo peke yake halilipui kitu. Ila mshtuko hulipua kwa kubana vipovu vya hewa vilivyomo kwenye baruti hadi viwe vidoa vya moto mkali, na baruti iliyokwisha kupata joto inahitaji kipigo kidogo zaidi kufika hapo. Hata TATB, baruti ya kijeshi inayosifiwa kwa usugu, ikipashwa hadi nyuzi 250 usugu wake hupungua sana. Mgodini hakuna haja ya kufika huko. Baruti yenye nitrogliserini hutoka jasho la mafuta kwenye joto, na boksi likiburutwa juu ya tone hilo, basi tena. Amonia naitreti, ile chumvi ya mbolea inayotengenezewa baruti, hubadili umbo la fuwele zake kila inapovuka nyuzi 32: chembe huvimba mchana, husinyaa usiku, mwisho mfuko unakuwa unga ulioganda, na kuna watu huuvunja kwa nyundo! Emalshani, baruti laini kama grisi, yenyewe huharibika kinyume: hupoteza nguvu, tundu la mwamba lililojazwa linagoma kulipuka, halafu mtu anatumwa kwenda kulichokonoa.

Kabla ya kulipa, dai paa la pili lililoinuliwa sentimita 30 juu ya la kwanza na kupita kingo zote, rangi nyeupe, na matundu ya hewa yenye wavu, chini upande mmoja na juu upande wa pili, njia yake ikiwa na kona ili cheche isipite moja kwa moja. Ndani kuwe na mbao, vichwa vya misumari vikiwa vimezamishwa, vichanja chini ya mifuko, na kipimajoto kinachoshika kiwango cha juu cha siku. Feni ya umeme wanayokubembeleza uongeze, ikatae.

Kile kisanduku cha fataki (vile vilipuzi vidogo vya kuwashia baruti) wanachochomelea nyuma ya mlango king'olewe hukohuko karakana, kontena likiwa tupu. Fataki zina stoo yake, mbali na hii.