Reef Fusion 1 na 2 kwa matumbawe ya nyumbani Mombasa: chupa nzuri kwa anayepima

Chupa hizi mbili za dawa ya maji ya tangi, za kampuni ya Seachem, zina kazi moja, na kazi hiyo zinaifanya vizuri: kurudisha majini kalsiamu na kabonati ambazo matumbawe magumu huzichota kila siku kujengea mifupa yao. Fusion 1 ina miligramu 100,000 za kalsiamu kwa lita. Fusion 2 ina alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi, unaotokana hasa na kabonati) ya meq, yaani miliekwivalenti, 4,400 kwa lita. Haziponyi tumbawe lililopauka kwa joto, hazisafishi maji wala hazizuii mwani. Anayezitia kwa kukisia kwamba matumbawe "yanataka vitamini" atayadhuru kuliko kama angeyaacha vivyo hivyo.

Kwa mwenye tangi Mombasa, kabla ya kuuliza atie kiasi gani, aulize kama anazihitaji. Bahari iko mlangoni. Maji safi ya bahari yenye chumvi ya sehemu 35 kwa elfu yana kalsiamu karibu 410 hadi 420 mg/L, magnesiamu karibu 1,290, na KH (alkaliniti ile ile kwa kipimo kingine: meq/L 1 ni KH 2.8) karibu 7. Tangi la lita 100 lenye matumbawe laini tu, kama Sarcophyton na Zoanthus, likibadilishiwa lita 15 za maji hayo kila wiki, kwa kawaida linajitosheleza. Pesa za chupa nunulia kipimo.

Hali hugeuka matumbawe magumu yanapoingia: Euphyllia, Montipora, na zaidi ya yote Acropora. Hapo kubadilisha maji peke yake hakufui dafu, na hesabu yake ni fupi. KH ya tangi ikishuka hadi 6.4, ukabadilisha asilimia 15 kwa maji yenye KH 7, unapandisha 0.09 tu. Tangi lenye matumbawe magumu machache linakula zaidi ya hiyo kwa siku moja. Ndipo Fusion inapostahili nafasi yake kabatini.

Na maji yenyewe ya bahari yachaguliwe. Teka wakati maji yamejaa, bamvua ikiwezekana, upande unaotazama bahari kuu. Usiteke Kilindini wala hori la Tudor, penye mafuta ya vyombo na maji taka ya mji. Mvua za masika zikishika, subiri siku kadhaa baada ya mvua kubwa, kwa kuwa mito na mitaro humwaga maji yasiyo na chumvi na uchafu ufukoni. Pima chumvi kabla ya kuyamimina tangini. Refraktomita irekebishwe kwa maji ya kipimo ya 35, maana ile iliyorekebishwa kwa maji matamu peke yake huweza kudanganya pale pale unapoihitaji.

Sasa dozi. Mililita 1 ya kila chupa kwa lita 25 hupandisha kalsiamu kwa 4 mg/L na alkaliniti kwa meq/L 0.176, yaani KH 0.49. Tarakimu hizo mbili ziandike ubavuni mwa tangi. Kinachobaki ni kujua tangi lako linakula kiasi gani, na hilo hakuna lebo itakayokwambia.

Fanya hivi. Acha kutia chochote. Pima KH leo saa mbili asubuhi, upime tena kesho kutwa saa ile ile, taa zikiwa zimefuata ratiba yake ya kawaida. Tuseme imetoka 8.2 ikafika 7.6. Umepoteza 0.6 kwa siku mbili, sawa na 0.3 kwa siku. Tangi lako lina maji lita 120 halisi (ukishatoa mawe na mchanga, tangi la kuuzwa kama lita 150 mara nyingi huishia hapo). Kwa lita 120, mililita 4.8 zinapandisha KH 0.49, kwa hiyo 0.3 inataka mililita 2.9. Tia 2.9 za Fusion 1 na 2.9 za Fusion 2 kila siku, pima tena baada ya siku nne, urekebishe kidogo. Kwa mwendo huo chupa ya mililita 500 inakaa zaidi ya miezi mitano.

Tazama KH kwanza, kalsiamu baadaye. Matumbawe yanapotengeneza mfupa hutumia takriban 20 mg/L za kalsiamu kwa kila KH 2.8. Kushuka kwa KH 0.3 kunaonekana kwenye kipimo. Kalsiamu iliyoondoka pamoja nayo ni 2 mg/L tu, na vipimo vya nyumbani haviioni. Ndiyo maana mtu hupima kalsiamu, akaona 420, akatulia, kumbe KH imeshafika 5.5 na ncha za Acropora zimeacha kukua. Tukizihesabu tarakimu za Seachem kwa makini, kalsiamu imezidi kidogo: kwa kila KH 2.8 chupa zinaleta 22.7 mahali pa 20. Kwenye mfano wetu ziada hiyo ni kama 8 mg/L kwa mwezi, na mabadiliko ya kawaida ya maji huimeza. Ila asiyebadilisha maji ataona kalsiamu ikipanda polepole, naye asidhani kipimo kimeharibika.

KH ipi ulenge? Kwa tangi la Mombasa linalotumia maji ya bahari, 7.5 hadi 8.5 inatosha, na bora ikae palepale kuliko kupanda na kushuka. Kuisukuma hadi 10 au 11 kwenye tangi lenye naitreti na fosfeti karibu na sifuri ni njia ya haraka ya kuunguza ncha za matumbawe: ngozi ya nchani inatoka, mfupa mweupe unabaki wazi, mwani unaanza kuota juu yake. Ikiwa umeshuka hadi 6, panda kwa 0.5 kwa siku, si zaidi ya 1.

Namna ya kutia ina uzito kama kiasi chenyewe. Tikisa chupa. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano, moja kwa kila chupa, ukizitia alama zisichanganyike. Mimina polepole mahali penye mkondo mkali wa maji, mbali na tumbawe lolote. Tia Fusion 1, acha angalau dakika kumi na tano, kisha Fusion 2. Ukitaka kuona kwa nini, tonesha tone moja la kila chupa kwenye kisahani cheupe: papo hapo linatokea wingu la maziwa, kisha unga mweupe unatua chini. Hiyo ni kalsiamu kabonati, jiwe lile lile ambalo tumbawe lilitaka kulijenga, nawe umelijenga kabla yake. Likitokea tangini, unga huo hutua juu ya mchanga na kuganda kwenye shimo la pampu. Pampu iliyovaa ukoko mweupe iloweke kwenye siki ya jikoni usiku kucha, isuuze, irudi kazini. Lakini ukoko ukirudi kila mwezi, kosa liko kwenye dozi au kwenye magnesiamu.

Magnesiamu ndiyo inayozuia kalsiamu na kabonati zisigandane ovyo majini. Ikishuka chini ya 1,200, unatia na kutia na KH haipandi inavyopaswa, kwa kuwa sehemu yake inageuka unga. Usiitegemee Fusion kwa hili. Pima kila mwezi. Mwenye kutumia maji ya bahari ni nadra kuikosa. Ikikosekana, gramu 42 za magnesiamu kloridi yenye maji sita (MgCl2·6H2O) hupandisha lita 100 kwa 50 mg/L. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya RO (yaliyochujwa madini kwa reverse osmosis), uimimine kidogo kidogo, na isizidi kiasi hicho kwa siku.

Fusion 2 hupandisha pH kidogo. Hilo ni jema kwa nyumba za madirisha yaliyofungwa na eyakondishen ikinguruma, ambamo hewa chafu ya pumzi zetu huishusha pH ya tangi. Itie asubuhi mapema kabla ya taa kuwaka, pH inapokuwa chini kabisa. Chupa isikae kwenye friji: imekolea sana, na baridi huweza kutoa fuwele. Kabati lenye kivuli linatosha.

Udhaifu wake ni gharama kwa tangi kubwa. Chukua tangi la lita 400 lililojaa Acropora na linalokula KH 1.5 kwa siku. Linataka karibu mililita 49 za kila chupa kila siku, na chupa ya 500 inakwisha kwa siku kumi. Hapo usiendelee kununua chupa, changanya mwenyewe. Kwa lita moja ya upande wa kalsiamu, gramu 132 za kalsiamu kloridi yenye maji mawili (CaCl2·2H2O). Kwa lita moja ya upande wa KH, gramu 157 za magadi soda (baking soda), kwanza zichomwe ovenini kwa nyuzi 150 kwa saa moja, zikiwa zimetandazwa kwenye sinia. Usipoichoma haitayeyuka yote, kwa kuwa maji huchukua karibu gramu 100 tu za magadi soda mbichi kwa lita. Mchanganyiko huu ni hafifu kuliko Fusion. Tangi hilo litahitaji kama mililita 115 za kila upande kwa siku.

Ila pana mitego mitatu, na yote ni ya hapa hapa. Magadi soda si unga wa kuumulia keki (baking powder), ambao una asidi na wanga. Pia usitumie magadi ya mawe ya kuivishia maharage: hayo ni trona ya ziwani, yana floridi na uchafu mwingine. Mtego wa tatu ni hewa ya Mombasa. Kalsiamu kloridi hunyonya unyevu kwa pupa. Iache wazi jioni moja ya kusi, asubuhi utakuta chembe zimelainika na kung'aa, na baada ya siku chache ni uji. Tangu hapo gramu 132 zako ni maji kwa sehemu, dozi ni pungufu, na hujui kwa kiasi gani. Nunua pakiti ndogo za daraja la chakula, fungua moja, iyeyushe yote siku hiyo hiyo. Vile vikopo vya kunyonya unyevu kabatini viache: aina ya kloridi iliyomo na usafi wake havijulikani.

Wapo wanaotumia maji ya chokaa, na kwa tangi la wastani ni njia ya heshima. Chokaa safi ya kalsiamu haidroksidi, gramu 1.5 hivi kwa lita ya maji ya RO, huleta kalsiamu na KH kwa mizani iliyo sawa. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo chokaa inavyoyeyuka kidogo, kwa hiyo usishangae ikibaki chini ya ndoo. Itumie kujazia maji yaliyovukizwa, kwa matone, usiku. pH yake ni 12 na kitu. Lita nzima ikiingia kwa mkupuo inaweza kuyadhuru matumbawe. Si chokaa ya kupaka ukuta, wala ile ya tambuu.

Maji ya kuchanganyia dawa yoyote kati ya hizi yawe ya RO yenye kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) karibu na sifuri. Maji ya kisima ya kisiwani hayafai. Hata maji ya vibanda vya kujazia mitungi ya lita 20 yapime kwanza, kwani mengine hurudishiwa madini ili yapendeze kinywani.

Kwa kipimo cha KH, Salifert inatosha: mililita 4 za maji, matone mawili ya rangi, kisha asidi hadi rangi igeuke. Hanna HI772, kipimo cha kielektroniki, ni rahisi zaidi kwa macho, ila kichupa chake kipanguswe vizuri. Ukikitoa kwenye chumba cha eyakondishen kwenda barazani, kinatoa ukungu wa nje na namba inaruka. Vitendanishi (kemikali za kupimia) visiachwe ndani ya gari juani.

Strontiamu, ayodini na chupa za amino asidi ziache dukani hadi KH yako imekaa mahali pamoja kwa miezi mitatu. Kisichopimwa kisitiwe. Na joto likivuka 30 mwezi wa tatu, kaskazi inapokwisha, punguza dozi ufuatane na kipimo: tumbawe lenye mfadhaiko halijengi, na kinachobaki majini kinaganda. Hapo linalosaidia ni feni juu ya maji au chila (mashine ya kupoza maji). Maji ya bahari yenyewe yalipopata joto mwaka 1998, matumbawe ya pwani hii yalipauka, na hakuna aliyekosa kalsiamu.

Anayetumia pampu ya dozi aichomeke kwenye soketi moja na pampu ya mkondo. Stima ikipotea, zote zizime pamoja. Ikiwa ya dozi ina betri yake, inaendelea kudondosha Fusion 2 kwenye maji yaliyosimama, na tumbawe lililo karibu na bomba ndilo la kwanza kuungua.