Uzoefu wangu: "Supa Kyela" niliyouziwa Mwanjelwa

Nina miaka 14 nanunua mchele kwa ajili ya nyumba yangu na sijawahi kumwandika muuzaji popote. Leo naandika kwa sababu ya sentensi moja niliyoambiwa mbele ya mama yangu mzazi, na kila nikipika wali inanirudia.

Duka silitaji. Ni moja kati ya yale yanayopanga mabeseni nje, upande wa Mwanjelwa hapa Mbeya, kila beseni na kipande chake cha boksi kilichoandikwa jina na bei. Mwezi uliopita, au kabla yake kidogo, tulikuwa tunapokea wageni kutoka Dar waliokuja kutoa mahari ya mdogo wangu. Na mtu wa Dar ukishamwambia unatoka Mbeya, salamu ya pili ni mchele wa Kyela, ule unaonukia. Mama yangu ni Mnyakyusa wa Ipinda, huko huko Kyela, amepandikiza mpunga toka akiwa binti. Wali wa siku ile ulikuwa sura ya nyumba yetu.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri, lazima niseme, tena kwa salamu ya Kinyakyusa. "Ugonile mama, karibu, hii ndiyo Kyela orijino." Kilo 3,400, wakati beseni la pembeni lilikuwa 2,800. Nikachota kiganjani nikanusa. Harufu ilikuwepo kwa mbali sana. Nikajiambia itatokea motoni, nikachukua kilo 15.

Haikutokea. Nani asiyejua Kyela ikichemka? Inanukia utamu fulani kama bisi zinapoanza kupasuka, na aliye nyuma ya ukuta anajua umebandika nini. Mimi sufuria mbili zimechemka, mvuke umepanda, jikoni pananukia mkaa na vitunguu vya mchuzi tu. Nilipofunua kuangalia kama umekauka nikakuta kibaya zaidi: punje nyingine zimeiva mpaka zimepasuka, nyingine bado zina kiini. Nikanyunyiza maji, nikapalia moto juu ya mfuniko. Zilizokuwa na kiini zikaiva, zile nyingine zikawa bokoboko.

Samaki mbasa alikuwa mtamu, kuku wa kienyeji alikuwa mtamu, watu walikula wakashiba. Lakini mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alionja, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, huu ndio ule wa Kyela tunaousikia?" Mama akaangalia mkeka. Hakujibu.

Wageni walipoondoka nikakaa na ungo mapajani, nikatandika kitambaa cheusi, nikahesabu punje 50. Punje 31 zilikuwa ndefu, nyembamba, zinapitisha mwanga. Nyingine 19 zilikuwa fupi, nene, na doa jeupe tumboni. Nikazifunga zote kwenye kile kitambaa. Tulirudi dukani mimi na mama, na sikuwa naenda kudai hela. Nilitaka kuuliza tu.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mchele huu naona umechanganywa, halafu hauna harufu kabisa." Hata kitambaa hakukiangalia. Akasema, "Mama, kwani ulinunua mchele au marashi?"

Wenzake wakacheka. Mteja aliyekuwa anapimiwa maharage naye akacheka. Mama yangu amesimama pale na khanga yake, mtu mzima wa miaka 70 na kitu, mpunga umempinda mgongo, anaambiwa mchele haunuki! Toka siku ile sioni zuri hata moja la duka lile. Mfuko walionifungia ulikuwa umechanika pembeni. Mizani, sasa ninavyokumbuka, mshale haukuanzia sifuri. Hata ile "ugonile" yake naiona ilikuwa chambo.

Wakati mimi naropoka, mama alikuwa ameshachukua punje chache kwenye kitambaa, akazisugua kati ya viganja, akazipulizia pumzi ya moto, akanusa. Hakusema kitu. Tulipokuwa kwenye bajaji ndipo akanigeukia: "Huu ni wa kwetu, mwanangu. Ila ni wa mwaka jana."

Hapo ndipo ninapokwama, maana nilishapanga kuwaita wezi. Kumbe harufu ya Kyela huwa inaondoka. Mpunga ukikaa ghalani na ganda lake inadumu zaidi, lakini ukishakobolewa inaanza kutoroka, na joto linaikimbiza zaidi. Sasa fikiria mchele uliokobolewa miezi iliyopita, umewekwa kwenye beseni wazi, juani, kutwa nzima. Kyela wanalima kwa kutegemea mvua, wanavuna katikati ya mwaka. Ukinunua mvua za msimu unaofuata zimeshaanza, unanunua mabaki ya ghala, labda yenye jina halali kabisa. Na mchele wa zamani si takataka. Unakunywa maji mengi na unachambuka vizuri, wapishi wengi wa shughuli wanautafuta huo huo kwa kuwa mpya unashikana. Yote hayo kijana angeniambia kwa dakika moja, ningemwelewa, na pengine ningebaki mteja wake.

Nikamuuliza mama kuhusu zile 19. Akanyamaza kidogo, akasema hata shambani mbegu huchanganyika, kwa sababu mkulima hujiwekea mbegu yake mwenyewe mwaka hadi mwaka. Nikamwambia mama, 19 kati ya 50? Akatikisa kichwa. Kwa hiyo nabaki kuamini kuna mtu alimwagia mchele mwingine humo, iwe dukani, iwe mashineni, iwe njiani. Na mchele wa Mbarali mimi siudharau, mnielewe. Saro, mbegu inayolimwa sana huko, ina harufu yake ya kiasi, inapikika, ndiyo tunayokula hapa nyumbani siku za kawaida. Niuzie Saro kwa jina la Saro na bei ya Saro, tutaagana kwa amani.

Wanaoniuliza wanunue vipi, nawaambia alichofanya mama: sugua kiganjani, pulizia, nusa hapo hapo kabla mizani haijaguswa. Uliza umekobolewa lini, na umtazame usoni anapojibu. Omba uchotewe kwenye gunia la ndani, si beseni lililopigwa jua toka asubuhi. Mimi mwenyewe nimeacha kununua mchele wa sherehe. Mama mdogo ananitumia mpunga kwa kosta kutoka Kyela, naukoboa Uyole, pumba wanakula kuku. Wiki iliyopita nimebandika nusu kilo tu, na jirani kanigongea mlango kuuliza kama kuna wageni.

Zile kilo 4 zilizobaki niliziloweka usiku, nikazisaga kwa vitumbua. Haki ya mtu nisimnyime: vimeumuka vizuri, vimelainika ndani, watoto wamevimaliza chai ikiwa bado ya moto. Nilikuwa nimeandika pale juu kwamba mchele ule ni mbovu, nimefuta. Si mbovu. Pengine hata dukani kuna mtu mwenye busara siku nyingine, sikumkuta mimi.

Lakini sirudi pale, hata wauze 2,000. Labda kijana yule amwombe mama radhi. Mimi si lazima aniombe.