Karatasi ipi ununue kama unataka kujenga roketi kubwa ya karatasi, kutoka hapa mwisho wa reli

Nimeulizwa hii kitu mara nyingi kwahiyo naandika mara moja tumalizane. Sebuleni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kuna roketi ya Saturn V ya karatasi imesimama pembeni ya kabati, urefu mita moja na sentimita 15 hivi, na mgeni akiingia swali la kwanza ni "umenunua wapi hii", akiambiwa ni karatasi na gundi tu, la pili linakuwa "karatasi gani sasa mbona haijapinda". Hilo la pili ndo swali. Vipande vya roketi unavipata kama faili, unaviprinti kwenye karatasi, unavikata na kuvibandika. Wengi wanaoanza wanahangaika na printa, wanahangaika na rangi, halafu karatasi wanachukua yoyote aliyonayo dada wa steshenari. Gundi ukikosea unabandua unabandika tena, karatasi ukikosea umeikosea roketi nzima na utakuja kujua ukiwa umeshakata vipande mia mbili.

Kwanza uelewe ukubwa wa kazi. Roketi yenyewe, ile iliyowapeleka wanaanga wa Apollo 11 mwezini mwaka 1969, ilikuwa na mita 110.6. Mi nimejenga kwa skeli ya 1:96, yaani sentimita 96 za kule ni sentimita moja ya kwangu. Upana wa hatua ya kwanza, yaani lile pande la chini kabisa la roketi, ulikuwa kama mita 10.1, kwangu inakuja sentimita 10 na nusu, sasa ukitaka kuizungushia karatasi unahitaji karibu sentimita 33 na A4 kwa urefu ina 29.7 tu. Umeona shida ilipo? Bomba la chini halitoki kwenye karatasi moja, lazima uunge, na pale kwenye muungano ndo karatasi mbaya inajiumbua, inafanya kama kigoti hivi. Hatua ya tatu kule juu ilikuwa mita 6.6 kwahiyo hiyo inatosha A4 moja na inabaki.

Halafu hii mambo ya gramu. Ukisikia karatasi ya gramu 80 au 160 maana yake ni uzito wa mita moja ya mraba ya hiyo karatasi. Zile za fotokopi za kila siku ni 80. Sasa niliwahi kuuziwa paketi (duka silitaji) nikaambiwa ni gramu 200, nikalipa hela ya 200, kufika nyumbani naikunja inalala kama kitambaa. Toka siku hiyo nina kipimo changu: A4 kumi na sita ukizipanga zinatoa mita moja ya mraba, yaani inapungua kidogo sana, kwahiyo hesabu karatasi 16, weka kwenye mzani wa dijitali, namba itakayosoma ndo gramu zake. Mi nilipeleka kwa mama mmoja anayeuza dagaa pale sokoni ana mzani mdogo, akacheka sana, akaniuliza baba karatasi nazo siku hizi zinauzwa kwa kilo? Ikasoma 131. Paketi ilikuwa imeshafunguliwa sikurudishiwa kitu.

Haya, mpangilio wangu ni huu, bei sitaji maana zinabadilika kila ukirudi dukani.

Namba moja ni karatasi ngumu nyeupe ya A4 gramu 160, ile yenye uso laini usiong'aa. Inazunguka bomba vizuri, ukiikunja haipasuki, printa nyingi inaimeza bila kugoma. Hii ndo ijenge kama robo tatu ya kazi yako. Kabla hujalipa omba moja uijaribu, ipinde taratibu kwa upande wa urefu halafu upande wa upana bila kuivunja, upande mmoja utakubali kirahisi na mwingine utakukatalia kidogo, ni nyuzi za karatasi zilivyolala. Bomba liviringishwe kwa ule upande unaokubali. Ukienda kinyume unapata bomba lenye kona kona kama bati. Na nunua zote siku moja tena za paketi moja, nyeupe zinatofautiana jamani, nyingine ina ubluu nyingine umanjano, mi kwangu ukiangalia vizuri kuna pete moja katikati imekuwa kama jino la dhahabu kwasababu niliishiwa nikaongezea za duka lingine.

Ukishanunua usiiache mezani. Huku kwetu kuanzia Novemba mvua zikichanganya na unyevu wa ziwa karatasi inajikunja yenyewe kama jani la mgomba juani, sasa ukiipeleka kuprinti inakwama ndani. Mfuko wa nailoni, funga, weka chini ya godoro. Mke wangu alilalamika wiki mbili akazoea.

Namba mbili, gramu 200 mpaka 220. Hii ni nzuri kwa yale mabomba makubwa ya chini tu, inasimama yenyewe hata ndani usipoweka kitu. Ila usije ukaitumia kwenye vitu vidogo, zile injini tano za chini zina umbo la kengele unazungusha kikaratasi kidogo sana, gramu 200 pale inavunjika mistari mistari na weupe wa ndani unatokea. Na mashine nyingi za steshenari zinaigomea, mwambie aipitishe kwenye trei ya pembeni moja moja asiijaze kwenye droo.

Hapo hapo kwenye kuprinti nimalizie kabisa. Faili nyingi za Wamarekani zimepangwa kwa saizi yao ya karatasi ambayo ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 hivi na fupi kwa karibu 18, kwahiyo printa ikiachiwa ijiamulie inapunguza kila kitu. Simama pale kaunta uhakikishe ni asilimia 100, na ukiona kingo zinakatwa bora upunguze mwenyewe kurasa ZOTE kwa kiwango kimoja kuliko ukurasa mmoja uwe 100 mwingine 96, utapata kifuniko kisichoingia kwenye sufuria. Mashine ya unga, kama ya fotokopi, haichuji ukipaka gundi ya maji ila kwenye mkunjo unga unabanduka, ya wino wa maji haibanduki ila ukiigusa na kidole chenye jasho imekula kwako. Mi nachagua ya unga halafu mikunjo na kingo napitisha penseli au maka pen. Uzuri wa Saturn V ni nyeupe na nyeusi karibu yote, rangi ipo kwenye bendera na yale maandishi mekundu, kurasa nyingi unaprinti nyeusi tu. Anayeanza na chombo cha anga chenye dhahabu na rangi ya chungwa kila ukurasa huyo hela anazo.

Namba tatu itawashangaza, A4 ya kawaida ya gramu 80. Watu wanaidharau. Vitu vidogo kabisa, mabomba membamba kama njiti, vingazi, zile mbavu za nje, hakuna karatasi inayoishinda. Halafu ni ya mazoezi, kila kipande kigumu nakijenga kwanza kwa 80 nikikiharibu sijalia. Shida yake ni gundi. Ile gundi nyeupe ya seremala ndo ninayotumia kila mahali, inakauka haionekani, lakini kwenye 80 ukiweka nyingi inafanya mawimbi, kwahiyo chovya kijiti cha meno, paka kama unampaka mtoto dawa ya jicho. Supagluu weka mbali, inapenya karatasi inaacha doa jeusi na vidole vinabaki na roketi. Gundi ya kupaka kama lipstiki ni ya watoto wa chekechea, ukifika hatua ya tatu ya kwanza inaachia.

Namba nne manila. Najua ipo kila duka, na bei rahisi, na ndo kila mtu anaanza nayo, hata mimi. Lakini ni shuka kubwa inabidi uikate mwenyewe kuwa A4, kingo haziji sawa printa inavuta upande, nyingine zina uso mkwaruzo unga haushiki. Itumie ndani pasipoonekana. Na kwa zile sahani za duara za ndani zinazozuia bomba lisibonyee, hata manila haitoshi, chukua kava la kaunta buku iliyoisha, ni gumu, limenyooka na ni la bure. Kulikata unahitaji kisu cha karatasi chenye makali ya kuvunja na rula ya chuma, wembe unafaa kwa karatasi ila kwenye kava unapinda unakukata wewe. Ukiona makali yanavuta karatasi badala ya kukata vunja kipande, usibane matumizi hapo.

Kama mita moja na kitu inakutisha, NASA wenyewe wameweka bure mtandaoni mifano ya karatasi ya baadhi ya vyombo vyao vya anga, kwa mfano Cassini, kile kilichoenda sayari ya Zohali, kurasa chache tu, jaribu hapo na karatasi namba moja kabla hujatia hela kwenye kitu cha kurasa nyingi.

Ya mwisho kabisa ni ile ya picha inayong'aa. Inavutia dukani, nakubali, rangi zinatoka kama studio. Haikunjiki, ukiilazimisha ule mng'ao unapasuka kama rangi ya ukuta wa zamani, gundi ya maji haiishiki upande wa juu, na taa ikiwaka unaona mwanga wa balbu badala ya roketi. Nilinunua paketi nzima bila kuuliza mtu. Zimebaki kumi na moja kwenye droo, shemeji yangu anazikatia picha za pasipoti.