Katiba ya Luluabourg au ya 2006: ipi ilipa majimbo nguvu zaidi?

Hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), mjadala wa majimbo hauishi, hasa pesa za migodi zikitajwa.

Katiba ya Luluabourg (Kananga ya leo) ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1964. Ilitambua majimbo 21, Katanga, eneo letu hili, ikiwa vipande vitatu, na kila jimbo lilikuwa na bunge na serikali yake. Haikudumu. Mobutu alichukua madaraka Novemba 1965, na katiba ya 1967 ikarudisha mamlaka Kinshasa.

Katiba ya 2006 inashuka chini zaidi: mji, komini (sehemu ya mji yenye utawala wake), sekta na usultani (eneo la chifu wa jadi) zote zina haki ya kujiendesha. Kifungu cha 175 ndicho kinachobishaniwa. Kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na jimbo libakize fungu lake palepale yanapopatikana. Kiutendaji pesa hupanda kwanza Kinshasa, jimbo likabaki kungojea kurudishiwa. Mama muuza unga pale soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi) hulipa ushuru wa meza na kupewa tiketi yake; ushuru wake huchukuliwa papo hapo, haungojewi.

Magavana? Katika katiba zote mbili, gavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Lakini marekebisho ya Januari 2011 kwenye katiba ya 2006 yalimruhusu Rais kuvunja bunge la jimbo au kumwondoa gavana kukiwa na mgogoro mzito.

Mimi, kwa maandishi, naichagua ya 2006 kwa sababu ya komini. Kwa meno, yaani nguvu halisi, Luluabourg. Na Katanga ilipogawanywa tena mwaka 2015, safari hii vipande vinne, hoja ya asilimia 40 ilibaki palepale.