Kabla ya kufungwa stoma: eksirei ya dawa au kamera?

Swali hili haliishi kwenye mabenchi ya kliniki za upasuaji hapa Mombasa: kabla stoma (utumbo uliotolewa nje ya tumbo ili kinyesi kiingie mfukoni) haijarudishwa ndani na mfuko kuondolewa, upigwe eksirei ya dawa au uingizwe kamera njia ya haja kubwa?

Eksirei kwanza. Mpira laini unapitishwa njia ya haja kubwa, dawa ya majimaji inamiminwa, kisha unageuzwa ubavu huu na huu huku picha zikipigwa. Hupewi dawa ya usingizi, kwa hivyo mtu wa Likoni anapanda feri na kurudi kwake siku hiyohiyo. Inashinda kwenye uvujaji: dawa ikitoroka nje ya mshono, pale utumbo ulipounganishwa, inaonekana. (Bariamu, dawa nyingine ya picha, hapa huepukwa, ikimwagika tumboni ni balaa.) Mwenye mzio wa dawa za picha aseme mapema.

Kamera nayo inaona mshono wenyewe ukibana, inaona uvimbe, na inachukua kinyama cha kupimwa. Ila kitundu kidogo kinachovuja huweza kuipita, na ukidungwa ya usingizi uje na mtu wa kukurudisha.

Mimi ningeanzia kwenye kidole cha daktari. Mshono ulio chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, unapapaswa bila mashine, na kwa asiye na dalili, wapo wapasuaji wanaotosheka hapo. Mshono uliwahi kuvuja, au ulipata usaha? Eksirei. Wewe ulikuwa na saratani, na sehemu ya utumbo haijachunguzwa? Kamera. Wengine watahitaji zote mbili.