Uzoefu wangu Duxford: kafuate injini, si ndege peke yake

Makumbusho ya Imperial War Museum pale Duxford, karibu na Cambridge, Uingereza, watu huyaendea kutazama ndege. Mimi ni fundi wa injini za malori, na ushauri wangu ni huu: anzia kwenye hanga la ndege za vita ambazo mpaka leo zinaruka. Humo utakuta mafundi wapo kazini kwelikweli. Unasimama nyuma ya kizuizi, lakini karibu vya kutosha kuona spana iko kwenye nati gani.

Kilichonishika miguu ni injini ya Rolls-Royce Merlin ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, ikiwa imevuliwa makava. Silinda 12 kwa umbo la V, lita 27, valvu 48, plagi 24. Kila silinda ina plagi mbili, na zinapata moto kutoka magneto mbili tofauti, yaani vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche, ili moja ikifa angani nyingine ibebe kazi. Kabla ya kuruka, rubani anazima magneto moja na kuangalia kasi ya mzunguko wa injini imeshuka kiasi gani, anairudisha, kisha anazima ya pili. Kasi ikishuka kupita kiasi, ndege inarudi kwa mafundi.

Nilimuuliza mmoja wao huanza kuangalia wapi. Akanijibu bila kufikiri: chujio la oili. Ukikuta chembe za chuma humo, beringi au gia imeanza kuliwa, na huna pa kuegesha angani. Nilifurahi mno, maana ndivyo nilivyofundishwa nami chini ya lori.

Spana nazo usizipite. Merlin nyingi zilitengenezwa Marekani na kampuni ya Packard, lakini kwa nyuzi za boliti za Kiingereza, ili kipuri cha Detroit kiingie kwenye injini ya Uingereza bila kulazimishwa. Kwa hiyo mpaka leo anayeifungua anahitaji spana za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza. Za milimita hazimsaidii.

Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ndiyo yenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1940 rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta, na Merlin ikakata pumzi katikati ya mapigano. Injini za Wajerumani zilikuwa za sindano, yaani zilipuliziwa petroli kwa shinikizo bila kabureta, hazikuijua shida hiyo. Beatrice Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough aliyekuwa pia bingwa wa mbio za pikipiki, akabuni kipande kidogo chenye tundu cha kubana petroli ili injini isifurike. Mwaka 1941 kilifungwa kwenye ndege bila kuziondoa kazini. Hakikumaliza tatizo lote, lakini kilirudisha imani ya marubani. Huo ndio ufundi ninaouheshimu.

Tafuta pia Harvard, ndege ya mafunzo yenye injini ya Wasp, silinda 9 zilizozunguka krenki, mhimili mkuu wa injini. Ikilala siku kadhaa, oili huteremka hadi silinda za chini. Ndiyo maana utaona fundi anazungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha. Oili haibanwi kama hewa. Ukiilazimisha kwa stata, konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, inapinda.

Naipa ziara hii nyota 5. Nenda siku ya kazi, wageni wakiwa wachache na mafundi wana nafasi ya kujibu. Ukitokea London kwa treni shuka Whittlesford Parkway. Kwa gari, ni barabara ya M11, njia ya kutokea namba 10. Vaa koti, hanga lina baridi hata jua likiwaka. Injini ikitolewa nje kujaribiwa, acha chakula mezani utoke.