Barita kwa barita: Ilford Multigrade FB na Epson P700 kwa picha za nyeusi na nyeupe

Wengi huweka karatasi ya plastiki (RC) ya chumba cha giza kando ya karatasi ya pamba isiyong'aa ya printa, kisha wanatoa hukumu ipi bora. Si haki. Weusi wa karatasi hiyo ya pamba huishia karibu 1.7 kwenye densitomita (kifaa cha kupima weusi), ilhali barita inayong'aa (karatasi yenye tabaka la bariamu salfati) hupita 2.0, iwe imetoka kwenye trei za dawa za chumba cha giza au kwenye printa. Kwa hiyo nimelinganisha karatasi ya chumba cha giza ya Ilford Multigrade FB Classic ya kung'aa (FB ni karatasi ya nyuzi, si ya plastiki) na Hahnemühle Photo Rag Baryta ya gramu 315 iliyochapwa kwa printa ya Epson P700.

Nyuma ya kioo ni vigumu kuzitofautisha. Ziinamishe dirishani bila kioo uone: wino umekaa juu ya karatasi, hivyo sehemu nyeupe zisizo na wino zinang'aa tofauti na vivuli. Kwenye FB, chembe za fedha zimo ndani ya jelatini, na uso wote ni mmoja. Hilo printa haijaniridhisha bado.

Ukichapa kwa hali ya rangi, kijivu kinachanganywa kwa wino za rangi, na chini ya taa nyingine kinageuka kijani au zambarau. Tumia hali ya Advanced Black & White ya printa; hapo kazi kubwa inafanywa na wino mweusi na vijivu viwili. Kagua matundu ya wino ya kichwa cha printa kila wiki. Printa ikikaa bure, wino hukauka, na kila usafishaji unakula katriji zenye ml 25 tu. Tena, usiilaumu printa kwa kosa la skana: skana ya mezani haitoi yote yaliyomo kwenye negativu ya mm 35.

Kwenye trei: developa ya Multigrade 1+9 (sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji), dakika 2 kwa 20°C, stopu ya kusimamisha developa sekunde 10, Rapid Fixer (fiksa, dawa ya kudumisha picha) 1+4, dakika 1 basi. Ukizidisha, fiksa inazama kwenye nyuzi za karatasi na haitoki upesi. Osha dakika 5, Washaid (dawa ya kusaidia kutoa fiksa) 1+4 dakika 10, osha tena dakika 5. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi yana joto zaidi ya 24°C, na developa hufanya kazi haraka mno. Weka trei ndani ya beseni la maji na barafu.

Negativu yenye mikwaruzo, au nakala kumi zinazotakiwa zifanane kabisa, naipa printa bila kusita. Picha moja ya kutundika, kutoka negativu safi, nasafisha kwa FB.

Ila FB ikikauka inakuwa nyeusi zaidi. Kausha kipande cha majaribio kwa drai ya nywele kabla ya kuamua muda. Mimi hupunguza mwanga kwa asilimia 8 hivi, na vijivu vya juu vinabaki wazi.